Makaa, gesi au stima: jiko lipi kwa nyumba ya Nairobi?

Binti ya kaka yangu alipata kazi Industrial Area mwezi wa pili, akahamia Umoja, chumba kimoja ghorofa ya tatu chenye kadirisha kanakotazama ukuta wa jirani. Jumamosi ya kwanza akanipigia simu kutoka Gikomba. "Shangazi, niko hapa na elfu tano. Ninunue jiko gani?" Nikamwambia asinunue kitu, apande matatu aje kwangu Kayole tuongee kwanza.

Tuliongea mpaka giza likaingia. Nimepika na makaa, nimepika na mafuta taa, nimepika na gesi, na sasa nusu ya chakula changu kinaiva kwa stima, kwa hiyo nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nayaandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayesimama Gikomba na elfu tano mkononi.

Nimesikia watu wazima wakibishana redioni kama nchi maskini inapaswa kuwaza miti kabla watu wake hawajashiba, na kila mara hushangaa kwamba hakuna anayetaja jiko. Tangu 1990 Umoja wa Mataifa hupima maendeleo ya binadamu kwa mambo matatu: urefu wa maisha, elimu na kipato. Jiko linayagusa yote matatu kabla ya saa moja asubuhi. Moshi unaingia kifuani, mtoto aliyetumwa makaa anachelewa darasani, na pesa ya mkebe wa makaa inatoka kila siku bila kuandikwa popote. Papo hapo, kule Kitui, mgunga umeshaangushwa ili uchomwe makaa. Mtoto anayekohoa na mti uliokatwa vimetoka kwenye gunia moja. Katiba yetu ya 2010 imeviweka jirani pia: kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 43, hapo hapo chini yake, kinataja afya, makazi, chakula, maji na elimu.

Githeri moja, majiko matatu

Mwaka jana nilichoka kuambiwa "gesi ni ghali" na "stima inamaliza tokeni" na watu ambao hawajawahi kupima. Nikaazima mizani ya mama mboga wa pale chini. Jumamosi tatu mfululizo nililoweka nusu kilo ya maharagwe na nusu kilo ya mahindi makavu usiku kucha, kisha nikapika githeri, kila Jumamosi na jiko lake.

Jiko la makaa lenye udongo ndani lilichukua karibu saa tatu, ukihesabu na muda wa kuwasha, likala kilo 1.1 ya makaa. Gesi ilichukua saa mbili na nusu. Nilipima mtungi kabla na baada, na ulikuwa umepungua gramu 350. Presha kuka ya stima ilimaliza kwa dakika 55. Nilikuwa nimezima friji na taa zote, nikaketi mbele ya mita na kalamu. Ilishuka yuniti 0.6. Nilirudia kuisoma mara mbili kwa sababu sikuamini.

Ukitaka kanuni ya kubeba kichwani, ni hii. Kwa joto linalofika kwenye chakula chenyewe, kilo 1 ya gesi hufanya kazi ya takriban kilo 3 za makaa kwenye jiko zuri la udongo. Kwenye jiko la bati tupu makaa yanazidi hapo. Kwa koili ya kawaida ya stima ni kama yuniti 9 au 10. Kilo ya gesi imebeba megajuli 46 hivi na ya makaa 29 hivi, kwa hiyo ukitazama mafuta peke yake utafikiri tofauti ni ndogo. Tofauti inaletwa na jiko. La makaa, hata likiwa zuri, hupoteza karibu robo tatu ya joto lake kwa hewa na kuta za chumba, la gesi hupoteza karibu nusu. Presha kuka haimo katika kanuni hiyo kwa sababu imefungwa kabisa: mvuke hautoki, na baada ya kupata moto inajizima na kujiwasha yenyewe. Ndiyo maana kwa vyakula vigumu inayaacha majiko mengine mbali sana.

Bei sitaandika, maana bei ya leo si ya mwezi ujao. Nitakuonyesha jinsi ya kuipata yako. Kwa gesi, gawanya bei ya kujaza mtungi kwa kilo zake, 6 au 13. Kwa stima, chukua meseji ya tokeni na ugawanye pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata, kodi zikiwa ndani. Kwa makaa, usigawanye bila mizani. Mkebe wa makaa wa pale kwetu ni ule uliokuwa wa kilo mbili za mafuta ya kupikia, na watu huuita wa kilo mbili mpaka leo. Nilipoupima ukiwa umejaa kwa kilele, haukufika kilo moja. Makaa ni mepesi na vipande vina mianya. Basi hesabu: ili kupata joto la kilo moja ya gesi utahitaji mikebe mitatu na zaidi, na kama jiko lako ni la bati, mitano. Zidisha kwa bei ya mkebe wa mtaani kwako, kisha weka kando ya bei ya kilo ya gesi. Nimefanya hesabu hii na majirani kadhaa, na hakuna aliyenyamaza baada ya kuona jibu.

Kama gesi inashinda, mbona watu hawaihami mikebe? Kwa sababu mkebe unauzwa mmoja. Anayelipwa jioni hununua cha jioni: mafuta ya kupima, unga wa kupima, makaa ya mkebe. Kujaza mtungi wa kilo 6 ni mshahara wa siku mbili tatu kwa kijana wa mjengo, na unadaiwa siku moja. Makaa hayana bei nafuu, yana malipo madogo, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nakasirika ninaposikia kwamba watu wa nyumba za mabati hawajali mazingira. Wanalipia uchafu kwa bei ya juu kuliko wanavyolipia usafi watu wa Lavington, kwa sababu tu uchafu ndio unaopimwa kwa kidogo.

Serikali nayo imeyumba. Iliondoa VAT kwenye gesi 2016, ikairudisha Julai 2021 kwa asilimia 16, ikaipunguza hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, ikaiondoa tena Julai 2023. Kwenye ploti tuliyokuwa tukiishi 2021, mitungi mitatu iligeuzwa viti vya barazani kabla Krismasi haijafika, na moshi ukarudi kwenye ngazi. Mmoja wa wale majirani hajairudia gesi hadi leo. Akishauza bana yake, kile kichwa cha kupikia juu ya mtungi, mtu hairudii gesi kwa sababu tu kodi imeshuka.

Makaa, kifuani na msituni

Nayapa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo yanayopendwa, na yanapendwa kwa haki. Nyama ya makaa ina ladha yake. Chapati ya makaa inaiva pole pole pande zote. Mwezi wa saba, baridi ya Nairobi ikiingia mifupani, jiko ni mwenzi wa nyumba.

Hapo penye baridi ndipo ninapotaka unisikilize sana. Makaa yaliyoshika vizuri hayatoi moshi unaoonekana, na mtu hudhani hewa ni safi. Yanatoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi unakuja. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyoingiza jiko chumbani, ikafunga dirisha, ikalala. Chumba cha binti ya kaka yangu kina kadirisha kamoja. Nilimwambia kwamba jiko la makaa halitalala ndani ya chumba hicho hata siku moja, na kama hilo ndilo la pekee analoweza kununua, basi ahame kwanza.

Bila kufikia kifo cha usiku mmoja, kuna kile cha pole pole. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, kwa sehemu kubwa kutokana na kuni, makaa, samadi na mafuta taa, iliua watu milioni 3.2 mwaka wa 2020. Nimonia kwa watoto, moyo na mapafu kwa watu wazima. Mama yangu alipikia kwenye kona isiyo na dirisha miaka yake yote, na nakumbuka alivyokuwa akisimama katikati ya ngazi kuvuta pumzi, mkono ukiwa ukutani, akisema ni uzee. Alikuwa na miaka hamsini na mbili.

Sasa upande wa msitu. Tanuri la kienyeji la kufunika kwa udongo hula kilo 7 hadi 10 za kuni ili litoe kilo moja ya makaa. Githeri yangu moja ya Jumamosi iliteketeza kilo nane au zaidi za mgunga. Mgunga wa nchi kame hukua taratibu mno. Unaokatwa leo ulipandwa na upepo kabla mkataji hajaoa. Januari 2018 Kaunti ya Kitui chini ya gavana Charity Ngilu ilipiga marufuku biashara ya makaa. Mwezi uliofuata serikali kuu ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, amri iliyotangazwa kuondolewa Julai 2023. Bei ya gunia ikapanda Nairobi, na magunia yakaendelea kuja, maana jiji lilikuwa bado lina njaa na amri haikuja na jiko lingine.

Siwezi kumlaani mchomaji. Shemeji yangu wa upande wa Mutomo, kule kule Kitui, alisomesha watoto wawili sekondari kwa makaa, mvua iliposusa miaka miwili mfululizo na mbuzi wakaisha. Alilala porini akilinda tanuri lisifungue mdomo, akauza gunia kando ya barabara kwa sehemu ndogo tu ya bei ambayo mimi ningelipia hapa mjini. Tofauti ilibaki kwa wenye lori na waliosimama njiani. Kwa hiyo unapopima makaa upande wa maendeleo ya watu, usimsahau, lakini pia usidanganywe kwamba mkebe wako unamtajirisha. Miti ya mlima wake imekwisha. Sasa anatembea mbali zaidi kutafuta wa kukata, na maji yamekuwa mbali pia.

Wangari Maathai alianza hapa hapa. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, alilolianzisha 1977, lilitokana na wanawake wa vijijini kusema kuni zimeadimika, maji yamepungua na chakula hakitoshi. Kwao mti ulikuwa mambo yote hayo matatu, hawakuona haja ya kuuliza lipi litangulie.

Kama lazima upike na makaa, usinunue jiko la bati tupu. Nenda Shauri Moyo, kwa mafundi wa jua kali, utawasikia kabla hujawaona, nyundo juu ya bati tangu asubuhi. Jiko lenye kiuno chembamba na udongo uliochomwa ndani, lililoenea Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa theluthi au hata nusu ukilinganisha na la bati. Lishike, ligonge udongo wake kwa kidole: mlio uwe mkavu na wazi. Ukisikia mlio mzito uliokufa, kuna ufa. Tazama pia kwamba saruji kati ya udongo na bati imejaa pande zote. Na upikie nje, barazani au penye mlango wazi.

Gesi

Inawaka ukiwasha, inazimika ukizima. Mtu ambaye hajawahi kuamka saa kumi na moja kupuliza jiko hawezi kujua hilo linampa mtoto wa shule dakika ngapi. Sufuria hazipati masizi. Ugali unapikika, chapati zinapikika, chai ya haraka inapikika. Kwa mtu mmoja anayepika asubuhi na jioni, mtungi wa kilo 6 humaliza mwezi au zaidi kama hachemshi maharagwe.

Hofu ya gesi ina sababu. Usiku wa 1 Februari 2024 moto wa gesi ulilipuka Mradi, Embakasi, kwenye kituo kisicho na kibali katikati ya makazi. Watu walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba na magari yakateketea. Sisi Kayole tuliuona mwanga. Lakini kinachoua mara nyingi ni mtungi uliojazwa vichochoroni na mpira uliochakaa, na vyote viwili unaweza kuvikataa. Nunua kwa muuzaji mwenye mizani na udai apime mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chenyewe. Ongeza kilo 6, jumla ndiyo unayopaswa kuisoma. Nimewahi kurudisha mtungi uliopungua kilo nzima, na muuzaji alikuwa na mwingine tayari nyuma, maana yake alijua. Mpira ukikauka na kupasuka, badilisha, usiufunge kwa selotepu. Pakaza povu la sabuni kwenye viungo, ukiona linatoa mapovu, gesi inavuja. Na ukinusa harufu usiku, usiwashe taa wala kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni, kwa hiyo funga mtungi, fungua mlango, ipe njia ya kutoka chini.

Siku hizi kuna mitungi yenye mita, unalipia kwa simu kidogo kidogo kama tokeni. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko marufuku zote za kukata miti, kwa sababu inayapiga makaa pale pale yanapopatia nguvu, kwenye malipo ya siku. Kama mtaani kwako ipo, iulize kwanza kabla ya kununua mtungi wako.

Watu hunishika hapo: gesi si mafuta ya ardhini kama petroli, inakuja kwa meli mpaka Mombasa? Ndiyo. Inaongeza hewa ukaa, na sitaificha. Ila tazama nani anayeulizwa. Mwaka wa 2020 Umoja wa Mataifa ulipopunguza alama za maendeleo za kila nchi kwa hewa ukaa na malighafi inazotumia, Norwei, iliyokuwa kileleni, ilishuka nafasi 15. Mzigo ule haukutokana na mitungi ya kilo 6. Mama wa Mathare anayetoka kwenye makaa kwenda kwenye gesi anaokoa pumzi ya watoto wake na miti ambayo haikuwa ikipandwa tena, na simwoni kama mtu wa kudaiwa kitu.

Stima

Hapa ndipo mazingira na mfuko vinakutana vizuri zaidi, kwa nchi yetu hasa. Karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya inatoka kwenye vyanzo visivyokwisha: mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana wenye megawati 310, na jua. Ukipika kwa stima hapa hupiki kwa makaa ya mawe kama ilivyo nchi nyingi. Na kuna mzunguko ambao wengi hawauoni: ardhi ya juu ya Tana ikivuliwa miti, mvua huzoa udongo na kuumwaga bwawani Masinga, na nafasi ya maji yanayozungusha mitambo inajaa tope. Mti unaobaki umesimama kule unasaidia tokeni yako huku.

Tatizo ni kwamba stima si kitu kimoja. Koili ya bei rahisi inakula, ni kweli, na kwa ugali inakera kwa uvivu wake. Jiko la sumaku lina kasi ya gesi, lakini linataka sufuria zenye chuma cha kushika sumaku, na zile zetu za alumini hazishiki. Ongeza bei ya sufuria mpya kwenye hesabu yako. Presha kuka ndiyo ninayoisifia. Maharagwe, githeri, matumbo, nyama ya ng'ombe mzee, njahi, mchele hata. Haipiki chapati, na ugali ndani yake ni mateso.

Angalia pia bendi yako ya malipo. Tangu Aprili 2023 nyumba inayotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi hulipa kiwango cha chini kabisa. Kutoka 31 hadi 100 ni kiwango kingine. Juu ya hapo kingine. Mtu wa chumba kimoja anaweza kupika maharagwe mara mbili kwa wiki na asipande bendi. Akiongeza koili ya kila siku na maji ya kuoga ya moto, amepanda.

Halafu kuna nyumba. Ploti nyingi stima imo ndani ya kodi, na mwenye nyumba ameandika ukutani kwamba kupika kwa stima ni marufuku. Namuelewa, ila anawasukuma wapangaji kwenye makaa ndani ya vyumba vyake. Na kwenye vibanda vinavyovuta stima ya sambaza, ile ya kuunganishwa kiholela, usijaribu kabisa: waya ni mwembamba, viungo vimesokotwa kwa mkono, na mabati yanashika moto mtaa mzima.

Hayo mengine kwa ufupi

Mafuta taa, hapana. Yanachafua hewa ya ndani, yanapaka ukuta masizi, watoto huyanywa wakidhani ni soda kwa sababu huwekwa kwenye chupa za soda, na stovu hupinduka. Zamani yalikuwa na bei ya kueleweka; tangu Septemba 2018 yamewekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili wachuuzi waache kuyachanganya na dizeli. Wachanganyaji ndio waliolengwa, wapishi ndio waliolipa.

Ethanoli inawaka safi na inauzwa kidogo kidogo, lakini jiko lake linategemea muuzaji aliye karibu. Kabla hujanunua, hakikisha kuna zaidi ya mahali pamoja pa kujaza, la sivyo siku akifunga duka utabaki na chuma.

Makaa ya vumbi ningependa yajulikane zaidi. Akina mama wa Kibera huchanganya vumbi la makaa lililobaki kwenye vibanda na udongo kidogo na maji, wakavingirisha tufe, wakaanika juani. Watafiti waliwapima zaidi ya miaka kumi iliyopita: githeri ya familia ya watu watano iligharimu shilingi 3 kwa tufe hizo, 26 kwa makaa ya kawaida na 45 kwa mafuta taa, bei za wakati huo. Moto wake ni mpole na unakaa. Kaboni monoksaidi bado inatoka, kwa hiyo ni jiko la nje, lakini hakuna mti mpya uliokatwa kwa ajili yake.

Basi uchague nini

Ukiwa na mita yako mwenyewe ya tokeni na chumba kidogo, chukua gesi ya kilo 6 kwa vya haraka, weka akiba ya presha kuka kwa vigumu. Vyote viwili pamoja vinagharimu kidogo kuliko kimoja kinachofanya kazi zote, na nimeipima kwangu miezi kumi sasa. Ukiwa na familia ya watu sita na pesa ya siku, tafuta gesi ya mita. Kama haijafika kwenu, jiko la udongo nje, tufe za vumbi kwa maharagwe, na chama cha wanawake kianze mzunguko wa mitungi kabla ya ule wa vyombo. Anayeuza chakula, wa kibanda cha chapo na maharagwe, ndiye ningemsukuma kwanza kwenye presha kuka kubwa, kwa sababu yeye huchemsha kila siku mimi ninachochemsha Jumamosi, na moshi wake unavutwa na wateja wote. Ukiwa ndani ya stima ya kodi, zungumza na mwenye nyumba, mwonyeshe yuniti 0.6 na umpe pesa zake. Mmoja wa Kayole alikubali.

Binti ya kaka yangu alirudi Umoja na mtungi wa kilo 6 wenye bana juu, umepimwa mbele yake, na mia nane zimebaki. Aliuliza kama anaweza angalau kuwa na jiko dogo la makaa la nyama. Nikamwambia la kuchomea nyama aliweke kwangu, aje Jumapili tuliwashe uani.

Mwezi wa sita zamu yake ya chama ikamfikia, akanunua presha kuka. Alinipigia saa kumi na mbili kasoro asubuhi, kabla ya gari la kazini, na nyuma ya sauti yake nikasikia mvuke ukifoka.

"Shangazi, githeri imeiva."

"Yuniti ngapi?"

"Sufuri nukta saba. Nimeandika ukutani."